Waliokaribia Kumaliza Kulipa

Shuka ndiyo iliyomtia Inspekta wasiwasi. Wenzake wa kituo cha karibu walikuwa wameshaandika kwamba fundi saa wa ghorofa ya sita alitumbukia kwenye shimo la lifti kwa bahati mbaya. Jengo jipya, lifti haijaanza kazi, korido haina taa, na mzee mwenyewe macho yamechoka kwa kuchungulia vidude vya saa maisha yake yote. Mwili ukazikwa, faili likafungwa. Lakini Inspekta aliomba picha, akazipitia bila haraka, na katika moja akamwona marehemu chini ya shimo, mkono wake umekamata shuka ya kitanda iliyosokotwa kama kamba. Ncha ya shuka ilikuwa na fundo kubwa.

"Mtu anayetumbukia kwa bahati mbaya anatembea na shuka ya nini?" alimwuliza Koplo.

"Labda alikuwa anakwenda kuianika, Afande."

"Imesokotwa na kufungwa fundo?"

Koplo akakuna kidevu.

"Alitaka kumteremshia mtu," Inspekta alisema. "Alisikia mtu ndani ya lile shimo, akaja kumwokoa. Na chini kulikutwa yeye peke yake."

Ndiyo sababu mchana ule walikwenda bila sare. Koplo alivaa ovaroli na kubeba boksi la vifaa vya umeme, akaelekea kibandani kwa mlinzi. Inspekta alivaa gauni la kutokea na viatu vya kisigino kifupi, akaingia ofisi ya mauzo iliyokuwa chini ya jengo lenyewe, akasema anatafuta nyumba ya kununua.

Ofisi ilinukia zulia jipya. Katikati palikuwa na meza yenye mfano wa jengo, mdogo kama keki ya harusi, una vidirisha na vimiti vya plastiki, na taa ndogo ndani ya kila nyumba. Meneja wa mauzo aliinuka kumpokea kwa mikono miwili. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye sauti ya mtu anayekutakia mema.

"Karibu sana, dada yangu. Umechelewa kidogo, lakini hujakosa. Tunauza kwa awamu, hatumkimbizi mtu. Unatoa kianzio, unalipa kila mwezi. Ukifika nusu tunakupa ufunguo, unahamia, unaendelea kulipa huku unalala ndani ya nyumba yako. Kodi unayompa mwenye nyumba kila mwezi unaijua. Ile hairudi."

"Na nikikwama?"

"Usitaje shari."

"Nataja. Nikikwama?"

Meneja alicheka kwa adabu. "Miezi miwili mfululizo bila kulipa, mkataba unavunjika. Lakini sisi tuna ubinadamu. Anayeshindwa, au anayeamua mwenyewe kuondoka, mimi humtafutia mtu wa kuuchukua mkataba wake, naye hapati hasara yote. Hurudishiwa chochote."

"Chochote kiasi gani?"

"Inategemea maelewano yetu."

"Yako na yake? Au yake na kampuni?"

"Mikataba ya kuhamisha yote inapita mezani kwangu," alisema Meneja, na akaigonga meza kidogo kwa kiganja. "Kampuni inachotaka ni awamu ziingie. Nani analipa, haiwahusu sana."

Inspekta aliinamia ule mfano. "Naitaka ya ghorofa ya sita. Napenda hewa."

"Ya sita zilikwisha zamani."

"Basi, asante." Alianza kuchukua mkoba wake.

"Kaa, dada yangu, kaa kwanza." Meneja aliutazama mlango, kisha akashusha sauti. "Hii naisema kwako tu. Kuna mama mmoja pale, mkunga mstaafu. Amebakiza awamu mbili. Anaondoka."

"Amekuambia anaondoka?"

"Wiki hii haiishi."

"Mtu amebakiza awamu mbili, nyumba imekuwa yake, halafu aondoke?"

"Umri, dada yangu. Upweke. Kukaa juu kule peke yako, moyo unachoka." Aliishika swichi ndogo pembeni mwa meza, na taa ndogo ya nyumba moja ya ghorofa ya sita ikazimika. "Niachie namba yako. Nitakupigia."

Inspekta aliacha namba ya uongo, akatoka akitabasamu. Tabasamu lilimwisha alipozunguka kona ya jengo, ambako Koplo alikuwa akijifanya anapima nyaya.

"Afande, nimemwomba mlinzi ufunguo wa milango ya lifti, kama fundi. Anasema zamani ulining'inia kwenye msumari kibandani kwake, mtu yeyote wa ofisini au wa usafi aliuchukua. Tangu yule mzee afe, Meneja anaufungia mezani kwake." Koplo alisogea karibu. "Ila huyu mlinzi simwamini. Jasho linamtoka kwenye kivuli. Anapajua kila mahali, na asubuhi ile alikuwa zamu. Nasema tumbebe."

"Kuna aliyewahi kufa kwenye zamu yako?"

"Hapana, Afande."

"Basi hujui jasho lake. Mwache. Kaa hapa uangalie ngazi. Simu yako iwe mkononi."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kumwuliza huyo mama kama anajua kwamba anahama."

Alipanda kwa miguu, kwani hapakuwa na njia nyingine. Mawingu yalikuwa yameshuka tangu adhuhuri, na mwanga wa madirisha ya ngazi ulikuwa wa kijivu, unaishia hatua chache ndani ya korido. Jengo lilinukia rangi na saruji mbichi. Milango mingi ilikuwa bado imefungiwa nailoni ya kiwandani. Kila ghorofa ngazi zilipita mbele ya mlango wa chuma wa lifti, na nyuma ya kila mlango upepo wa shimo ulivuma kwa chini, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Inspekta alijikuta anatembea huku bega lake linasugua ukuta wa upande wa pili. Hakuna aliyemwona, lakini aliona haya.

Ghorofa ya nne alimkuta mfagiaji, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni juu ya koti la usafi, ndoo na fagio pembeni.

"Habari za kazi, dada?"

"Nzuri." Mfagiaji hakuinua macho.

Ghorofa ya sita Inspekta aligonga mlango. Kimya. Akagonga tena, na ndipo akasikia pumzi ya mtu nyuma ya mbao, karibu kabisa, pumzi ya mtu aliyekuwa pale muda wote.

"Nani?"

"Mama, mimi ni polisi. Ninakupenyezea kitambulisho chini ya mlango. Kisome kwanza."

Kitambulisho kikavutwa ndani. Kitu kizito kikaburuzwa, ufunguo ukazunguka, mnyororo ukalegezwa. Mwanamke aliyefungua alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyenyanyua watu maisha yake yote, lakini macho yake yalikuwa yamezama kwa kukosa usingizi. Sebuleni palikuwa na kochi moja, meza ya kulia, na kabati la vyombo ambalo ndilo lililokuwa limeegemezwa mlangoni.

"Mama, unahama?"

"Nani kasema nahama?" Mkunga alikuja juu. "Nimelipia nyumba hii kwa pensheni yangu na kwa kukanda wazazi majumbani. Nihame niende wapi?"

"Meneja anaiuza."

Mkunga aliketi polepole. Hakuuliza Inspekta amejuaje. Alisema tu, "Basi ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Hakuna."

"Mama, jirani yako fundi saa hakuanguka kwa bahati mbaya. Nadhani aliitwa. Kama na wewe kuna kitu kinakuita, niambie mimi kabla hujakiitikia."

Yule mama aliitazama mikono yake. Alipoanza kusema, alisema kwa sauti ya chini kana kwamba kuta zilikuwa na mwenyewe.

"Kuna mtoto analia, mwanangu. Mchanga. Wa siku moja au mbili, mimi nawajua. Analia huko nje koridoni. Mara ya kwanza nilitoka mbio, nikadhani kuna mtu katupa kichanga. Nilipofungua mlango akanyamaza. Nikarudi ndani, akaanza tena, sasa kwa mbali kidogo, upande wa lifti. Nikaifuata sauti hadi mlango wa chuma. Nikaweka sikio." Alimeza mate. "Nikaona haya, miguu yangu inatetemeka, mimi niliyepokea watoto kwa mwanga wa kibatari. Nikarudi nikajifungia. Tangu siku ile kila mchana analia."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna. Hata mwanangu wa kiume sijamwambia. Angesema mama kachanganyikiwa, aje anichukue, na nyumba iende."

"Ofisini?"

"Nimekuambia hakuna mtu. Ni wewe wa kwanza."

Inspekta alifungua mdomo kuuliza jambo jingine, na hapo ndipo mtoto alipolia.

Alikuwa amejiandaa, lakini mwili wake haukujiandaa. Kilikuwa kilio chembamba, chenye kwikwi, cha kitoto kilichoachwa. Mkunga aliinuka bila kujua ameinuka, mikono imejikunja tayari kupokea. Inspekta alimshika bega akamkalisha.

"Baki hapa. Usitoke hata ukisikia mimi nimeita. Umenielewa? Hata ukisikia sauti yangu."

Alivua viatu akatoka. Korido ilikuwa giza upande wote wa kulia, na kilio kilitoka huko. Alihesabu milango kwa vidole vya mkono, ukutani. Karibu na lifti sauti ilikuwa kubwa kiasi cha kujaza kichwa. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa. Aliusukuma kwa kiganja kuhakikisha, na baridi ya chuma ikampanda hadi kwapani. Sauti haikutoka humo. Ilitoka kulia kwake, kwenye kabati jekundu la mpira wa zimamoto. Alilifungua. Nyuma ya mpira, kimebandikwa kwa gundi, palikuwa na spika ndogo nyeusi ya kuunganishwa na simu, isiyozidi ukubwa wa ndimu.

Alipata nafuu, kisha hofu ikarudi kwa mlango mwingine. Spika kama ile husikiliza simu iliyo karibu. Haivuki ghorofa nzima. Aliyekuwa akimliza mtoto yule alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, anapumua hewa ile ile.

Hakuigusa. Alishuka ngazi za kuelekea ghorofa ya tano, nyayo tupu kwenye saruji, na kwenye kona aliona mgongo wa mtu aliyekaa. Kanga kiunoni. Ndoo pembeni. Mfagiaji alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili katikati ya magoti, kichwa kimeinama, na machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya kioo cha simu huku mtoto akiendelea kulia huko juu.

"Izime," alisema Inspekta.

Mfagiaji hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliizima, akanyoosha mikono yote miwili kama mtu aliyekwisha kuona pingu ndotoni.

Inspekta alimhoji jikoni kwa Mkunga, akamketisha kwenye kigoda, mgongo kwenye friji. Mkunga alisimama mlangoni, uso umempauka.

"Huyu mimi humpa chai," alisema. "Kila siku nampa chai."

"Najua, mama," mfagiaji alinong'ona.

"Nani amekutuma?" Inspekta aliuliza.

"Meneja."

"Anakulipa?"

"Ananirudishia changu." Alifuta uso kwa pindo la kanga. "Nyumba ya ghorofa ya tano ilikuwa yangu. Nililipa miaka. Nikaachishwa kazi, mwezi wa kwanza nikakwama, wa pili nikakwama. Akaniita ofisini akaniambia mkataba umevunjika, nyumba ana mtu wake, lakini atanitafutia kazi ya usafi na atanirudishia kidogo kidogo, nikiwa mtu wa kusikia. Nikiwa mbishi, sipati kitu."

"Kwa nini anawataka waliokaribia kumaliza?"

"Kwa sababu kilichobaki ni kidogo. Mtu akiogopa akakimbia, Meneja anamtupia chochote, analipa zile awamu za mwisho mwenyewe, halafu anaiuza nyumba nzima kwa bei ya leo. Wa ghorofa ya pili aliondoka. Wa ghorofa ya saba naye."

"Na fundi saa?"

Mfagiaji aliziba mdomo. Tone la maji lilidondoka kwenye sinki, likadondoka jingine.

"Ile ilikuwa sauti yangu. Alinirekodi nikisema, nisaidieni, nimeanguka. Aliniambia mzee ataogopa tu. Nilikaa ngazini kama leo, nikabonyeza. Nikasikia mlango wake unafunguka. Nikamsikia anasema, 'Usiogope, mwanangu, nakuja.'" Alitikisa kichwa kwa nguvu. "Alikuwa anakuja kunitoa mimi. Asubuhi ile Meneja alinituma nikamchukulie ufunguo wa lifti kwa mlinzi, akasema mafundi wanakuja kukagua. Wallahi sikujua mlango umefunguliwa. Nimemlilia mzee yule na bado nimeendelea, kwa sababu aliniambia sauti iliyoua ni yangu, si yake. Nikisema, ninayefungwa ni mimi."

"Na mtoto?" Mkunga aliuliza kutoka mlangoni. "Mtoto umemtoa wapi?"

"Ni mwanangu. Nilimrekodi alipozaliwa, nimtumie baba yake aliyekuwa safarini. Sasa yuko kwa bibi yake." Hapo sauti ilimkatika kabisa. "Meneja aliniuliza, mkunga anaogopa nini? Nikasema haogopi kitu. Akasema, basi atakimbilia nini?"

Inspekta alikwenda dirishani. Alikuwa na spika, na neno la mwanamke ambaye wakili yeyote angelichana vipande. Ufunguo ulikuwa mezani kwa Meneja, mahali unapostahili kuwa, haukuthibitisha kitu. Alihitaji mdomo wa Meneja mwenyewe.

"Mpigie," alisema. "Mwambie mama amekubali kuondoka, aje sasa hivi kabla hajabadili mawazo. Usiseme jingine lolote."

Simu ilimponyoka mfagiaji mara moja, lakini alipoongea aliongea sawasawa. Inspekta naye alimwandikia Koplo: Akipanda, mfuate. Mwachie nafasi.

Inspekta na mfagiaji walijificha chumbani, mlango umebaki wazi upana wa kidole. Mkunga alikaa kwenye kochi, kanga mabegani. Kisha wakazisikia nyayo, viatu vya soli ngumu, bila haraka, ghorofa baada ya ghorofa. Zikafika ya sita. Hazikuja mlangoni. Zilisimama penye lifti, na wakasikia ufunguo ukizunguka, kisha chuma kikiteleza juu ya chuma.

Mfagiaji alimkamata Inspekta mkono, kucha zikazama. Inspekta alielewa. Mtu huyu alikuwa amekuja na njia mbili. Mama akikubali, sawa. Mama akikataa, mtoto angelia mara moja tena.

"Hodi, mama yangu."

"Karibu."

Waliuona mkono wa suti yake ukiegemea kochi. Alikuwa na ile sauti ya kutakia mema.

"Nimeambiwa umechoka, mama. Hata mimi ningechoka. Si lazima ufe na presha kwa ajili ya nyumba. Nitakupa kitu kidogo ukapumzike kwa mwanao."

"Nimechoka, mwanangu. Silali. Kuna kelele hapa."

"Najua, pole sana. Ukishaanza kusikia kitoto kinalia, mama yangu, hakikutoki tena kichwani. Watu wataanza kusema una wazimu. Bora uondoke na heshima yako."

Mkunga aliinua uso.

"Kitoto gani? Mimi nimesema kelele tu."

Mkono wa Meneja uliondoka kwenye kochi. Inspekta akausukuma mlango.

"Mjibu mama, Meneja. Kitoto gani?"

Meneja alimtambua. Inspekta aliona jinsi lile tabasamu la ofisini lilivyojaribu kuja kwa mazoea, likashindwa. Kisha Meneja akageuka akatoka mbio.

Inspekta alimfuata bila viatu. Nje ya mlango giza lilimpiga usoni, na katika hatua ya tatu mkono ulimshika kifundo cha mkono kutoka ubavuni. Meneja hakuwa amekimbilia ngazi. Alikuwa amejibana ukutani akimsubiri. Alimvuta, akamzungusha, akamwachia. Inspekta aliteleza kwenye vigae, akaona mstatili mweusi ukimjia, na upepo wa chini kwa chini ukampanda ndani ya gauni. Mguu mmoja ulikosa sakafu. Alishika ukingo wa mlango kwa mkono wa kushoto, chuma kikamkata kiganja, na vidole vikaanza kuteleza kwa damu yake mwenyewe. Alichokisikia ni pumzi yake tu, ikishuka shimoni na kumrudia kutoka chini.

Kitu kikamzunguka kiunoni. Kanga. Kisha mikono miwili, yenye nguvu ya mtu anayebeba ndoo kutwa, ikamvuta nyuma mpaka wote wawili wakaangukia ukutani.

"Nimekushika," mfagiaji alikuwa akirudia, "nimekushika, nimekushika," kana kwamba hakuwa akimwambia Inspekta.

Huko ngazini kulisikika kishindo, boksi la vifaa likibingirika, na sauti ya Koplo ikimwamuru mtu alale kifudifudi.

Meneja alipopitishwa mbele yao amefungwa pingu, alisimama mbele ya mfagiaji. "Bila mimi hupati hata kipande cha ulichokilipa," alimwambia. "Umejiua."

Mfagiaji alimtazama usoni. Koplo akamsukuma Meneja ashuke.

Inspekta alifunga ule mlango wa chuma kwa mkono wake mzima, akautia ufunguo, akauweka ufunguo kwenye mfuko wa ushahidi pamoja na spika. Mkunga alimfunga kiganja jikoni kwa kitambaa safi. Inspekta alimwuliza kama angependa kupelekwa kwa mwanawe kwa siku chache.

"Kesho nitaona," Mkunga alisema. Akamgeukia mfagiaji. Hakumwambia amemsamehe. "Huyo mtoto ana umri gani sasa?"

"Anaanza kusimama, mama."

"Niachie namba ya bibi yake."

Inspekta alishuka na mfagiaji bila kumfunga pingu. Ilikuwa kinyume cha taratibu, na alijua ataulizwa. Ghorofa ya tano yule mwanamke alisimama mbele ya mlango wa pili kutoka ngazini.

"Ni hapa," alisema. "Sijawahi kuingia tangu. Naomba niangalie tu. Mara moja."

Inspekta alipaswa kukataa. Aligonga.

Alifungua mwanamke kijana mwenye rangi ya ukutani vidoleni na kitambaa kichwani. Nyuma yake sebule ilikuwa imejaa maboksi, na dirisha kubwa lilitazama mawingu. Mfagiaji alilitazama lile dirisha.

"Ndiyo?" yule kijana aliuliza, akiangalia kiganja cha Inspekta chenye damu. "Ni nyinyi mliokuwa mnapiga kelele huko juu? Kuna nini?"

"Hakuna, dada. Mambo yamekwisha."

"Mwenzenu nimehamia juzi tu. Nimelipa kianzio chote na awamu za mbele, sina pa kurudi." Alishika ukingo wa mlango, macho yakimtoka. "Niambieni ukweli. Hapa pana usalama?"

Inspekta alikuwa hajui bado nyumba hii itakuwa ya nani mbele ya sheria, ya yule aliyesimama ndani au ya yule aliyesimama nje.

"Samahani, dada," mfagiaji akasema kwa upole. "Tumekosea mlango."

Mlango ukafungwa. Walikuwa wameshuka ngazi chache tu waliposikia ufunguo ukizunguka, kisha mnyororo, kisha boksi zito likiburuzwa sakafuni na kuegemezwa mlangoni.